Majani ya Mgeni Rasmi

Vijana wa tawi letu la chama pale Nyanga tulipoamua kwenda na watoto wa shule kupanda jabali lililo juu ya Kemondo na kulala kambini usiku mmoja, mwenyekiti wetu aliunda kamati ya usalama. Aliiongoza mwenyewe, kwa kuwa aliwahi kuhudhuria semina ya ufugaji wa kuku. Mimi nilikuwa mwanamke pekee kwenye kamati, kwa hiyo nilikabidhiwa birika la chai.

Kikao cha kwanza niliuliza nani atasimama na watoto pale penye mteremko mkali. Nikaambiwa ni swali zuri, litajadiliwa kwenye mengineyo. Mengineyo hatukuyafikia. Mpaka giza linaingia tulikuwa tukibishana iwapo mgeni rasmi kutoka wilayani ahutubie kabla ya ngonjera au baada yake. Siku zile za ujamaa hata choo cha shule kilifunguliwa kwa ngoma, sembuse jabali. Kamba imara ya katani ilipatikana, nikafurahi, kumbe ni ya kuzungushia kiti cha mgeni ili watoto wasimsogelee.

Mdogo wangu wa kike alitaka sana kwenda. Alikuwa darasa la saba, na mtihani wa kuchaguliwa kwenda sekondari ulikuwa umekaribia. Baba alikataa. Alisema mawe yale hayaendi popote, atayapanda akishafanya mtihani. Mwenyekiti akaja nyumbani mwenyewe, amevaa suti yake ya chama.

"Waitu, nitamrudisha kama nilivyomchukua," alimwambia baba, akianza na neno letu la heshima.

Baba akalegea.

Jumapili alfajiri, baada ya kulala kambini na kusali, watoto walipanda vizuri tu, mimi nikiwa nyuma yao. Kule chini mwenyekiti akaiangalia njia, akaona aibu mgeni rasmi kukanyaga jiwe tupu. Kwetu mgeni wa heshima hutandikiwa majani sakafuni, kila nyumba inajua. Ila sakafu za kwetu zimelala, hazijasimama kama ukuta. Yeye akaamuru vijana wakate majani, bado yana umande, wayatandike njia nzima kuanzia juu hadi chini. Nilishuka pembeni, nikishikilia vichaka, nikamwambia yatateleza. Akanijibu kwamba sina heshima kwa viongozi. Mpaka leo nikikumbuka jibu lile napandwa na hasira.

Kisha akapuliza filimbi watoto washuke wajipange kumpokea mgeni. Mdogo wangu alitangulia, kwa sababu ndiye aliyepangiwa kutoa ua. Miguu ilimtoka kwenye majani, akaporomoka, akatanguliza mkono wa kulia. Niliusikia ukivunjika. Kamba ya katani ilikuwa hapo hapo, imezungushwa kistaarabu kwenye kiti kitupu. Mwenyekiti alikuja mbio, akatazama, akaagiza majani yaliyovurugika yatandikwe upya. Na mgeni rasmi mwenyewe hakuja. Tulisikia baadaye kwamba gari lake halikuwa na petroli.

Mtihani ulimkuta mdogo wangu na plasta mpaka kwenye kiwiko. Aliandika kwa kushoto. Hakufika hata nusu ya maswali, na nyumbani kwetu hakuna aliyehitaji kungoja matokeo.

Baada ya hapo ndipo mwenyekiti alipokumbuka njia ya kwetu. Alikaa, akaeleza kwamba safari ilifana kwa ujumla, na kwamba changamoto ndogondogo hazikosekani. Baba alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Halafu akaagiza iletwe kahawa ya kutafuna, ile tunayompa kila mgeni anayeingia. Nikainuka, maana kuigawa ilikuwa kazi yangu siku zote.

"Wewe kaa," baba aliniambia. Akamwita mdogo wangu.

Alikuja na kikapu kidogo cha kahawa mkononi, mkono wa kushoto, ule ambao kwetu humpi nao mtu kitu, hata mtoto, hata kwa utani. Akapiga magoti mbele ya mwenyekiti, akamnyooshea. Mwenyekiti aliutazama mkono, akamtazama baba.

"Ndio uliobaki," baba alisema. "Pokea."

Akapokea. Tukamtazama wote anavyotafuna.