Daraja la Saa Tatu

Fundi Meno alishinda kwa mara ya tisa, akapiga meza ngumi hadi askari wa shemeji yake wakaanguka kifudifudi mtoni.

"Mtu anashinda halafu ananuna!" Shemeji alisema, akiwaokota mmoja mmoja. "Mara tisa hizi sijakanyaga daraja lako hata kwa kidole. Wa kupiga meza hapa ni mimi."

"Panga watu wako, tuanze upya."

"Sipangi. Mgongo unaniuma, na mpira unaanza sasa hivi."

Akaondoka zake, akamwacha Fundi Meno peke yake na ushindi wake. Alfajiri ya mchezo alikuwa ameweka darajani askari themanini na wanne, kila mmoja na urefu wa kidole gumba. Adhuhuri ya mchezo ilipofika, sitini na mmoja walikuwa bado wamesimama, buheri wa afya, bunduki zimeelekezwa ng'ambo ya mto. Angeweza kuwazoa wote na kuwatia kwenye ndoo ya taka.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, katika chumba cha nyuma cha kliniki, chenye dirisha moja na vumbi la plasta lililoingia mpaka kwenye chai. Askari aliwatengeneza kwa masalio ya kazi hiyo: kalibu za plasta, plastiki ya rangi ya waridi ya ufizi, na brashi iliyobakiwa na nywele tatu. Ukimkwaruza askari wake yeyote koti la kaki, ndani unakuta ufizi. Alianza miaka sita iliyopita, na miaka miwili ya mwisho meza ya kulia ilikuwa uwanja wa vita, familia ikila na sahani mapajani. Mkewe alishasema yote ya kusema. Siku hizi alifuta vumbi kuzunguka mto bila neno, jambo ambalo lilimtisha Fundi kuliko makelele.

Sheria za mchezo hazikuwa ngumu. Zamu moja ni nusu saa ya vita. Kila upande unasogeza askari wake kwa kupima na rula, halafu unarusha dadu kuona risasi zimempata nani: nukta zikiwa nyingi, wanaoanguka ni wengi. Daraja lenyewe ni lile ambalo babu yake Fundi Meno, baba wa baba yake, alipewa kulishika pamoja na wenzake katika vita vya zamani. Na habari ya daraja hilo ndiyo iliyomkalia kooni tangu utotoni.

Babu alirudi vitani mzima, mwenye mdomo mzito. Miaka mingi baadaye Baba Mkubwa, mtoto wa kwanza wa babu na msomi wa kwanza wa ukoo, alipata kitabu cha lugha ya kigeni kilichoandikwa na ofisa mmoja wa vita vile. Kuona daraja la baba yake limetajwa, furaha ikampanda, akaita watu. Majirani wakajaa sebuleni, viti vikaazimwa, babu mwenyewe akakalishwa mbele kama bwana harusi. Baba Mkubwa akasoma, akitafsiri papo hapo kwa sauti yake ya darasani: adui alishambulia alfajiri, kikosi kilipewa amri ya kulishika daraja mpaka adhuhuri, kikosi kiliondoka darajani saa tatu.

Saa tatu! Jua halijakausha hata umande! Wameambiwa adhuhuri, wao saa tatu wameshatimua mbio. Pale sebuleni hakuna aliyecheka, watu wana adabu zao. Walikwenda kuchekea barabarani. Kuanzia siku ile nyumba ikaitwa kwa Saa Tatu. Mtoto akitumwa dukani, mwenye duka anasema, "Mhudumieni haraka huyo wa Saa Tatu, asije akakimbia." Fundi Meno alikua na jina hilo, na baba yake alizeeka nalo.

Sasa baba yake alikuwa na miaka themanini na minane na moyo unaosuasua, na Fundi hakutaka mzee azikwe na aibu ile. Kusema babu hakuondoka asingeweza, maana imeandikwa. Alichotaka ni kuonyesha mezani, kwa rula na dadu, kwamba hakuna kiumbe ambaye angelishika daraja lile mpaka adhuhuri. Kwamba kuondoka kulikuwa ni akili tu. "Jumamosi uje, Baba," alimwambia. "Utaona kwa macho yako." Mzee akajibu kwamba atakuja, na Alhamisi akaomba anyolewe ndevu.

Lakini askari walikataa kushindwa. Fundi aliwapunguzia risasi. Akawapa ugonjwa wa tumbo, robo yao wakawa hawafyatui. Akatandaza pamba za kliniki juu ya mto ziwe ukungu, adui avuke bila kuonekana. Akampa Shemeji mizinga miwili ambayo haikuwapo. Wapi! Daraja ni jembamba, wanaovuka wanabanana, na wa upande huu wanawapokea. Kila alipozidisha uonevu, wale vijana wa ufizi walizidi kukaza. Maana yake ilikuwa moja tu, na ilimkata maini: babu alikimbia kazi iliyowezekana. Hasira zikamharibu. Wiki hiyo alimpelekea mteja mmoja meno ya mteja mwingine, na yule mtu akayavaa siku mbili akidhani ni yeye aliyekosea mdomo.

Ijumaa, kabla kliniki haijafungwa, Fundi alifanya jambo alilolionea haya hata kabla hajalifanya. Alichukua dadu nyekundu, ile ya upande wa adui, akaibana kwenye kibano, akaitoboa kwa mashine ya kutobolea meno upande wa nukta moja, akajaza madini mazito ya kuzibia meno, akapaka rangi juu. Akairusha mara kumi. Mara nane ilitua na nukta sita juu. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuziba tundu vizuri namna ile, na hakuwahi kujisikia mchafu namna ile.

Jumamosi asubuhi Dada, yaani dada yake mkubwa, muuguzi mstaafu, alimleta mzee amemshika kiwiko. Wakamweka kwenye kiti chenye mto, karibu kabisa na daraja. Mzee aliwatazama askari kwa muda mrefu.

"Baba yangu ni yupi?"

"Sijui, Baba. Ni mmoja wao."

"Hm," mzee alisema.

Fundi akamsukumia Shemeji dadu nyekundu, na mchezo ukaanza. Zamu ya kwanza wakaanguka saba. Ya pili, kumi na wawili. "Leo mkono wangu una moto!" Shemeji alipiga kelele. Fundi aliwatoa wafu wake darajani na kuwalaza kwenye sanduku, akisema kila mara, "Unaona, Baba? Hawawezi. Nani angeweza?" Mzee alikuwa akitafunatafuna meno ambayo mwanawe alimtengenezea. Saa tatu ya mchezo ilipofika, walibaki askari kumi na mmoja.

"Hapa ndipo walipoondoka," Fundi alisema. "Na wewe Baba umeshuhudia."

Mzee akaitikia kwa kichwa, polepole. Ndicho Fundi alichokitafuta miaka sita, na sasa amekipata akashindwa kumtazama baba yake usoni.

"Ngoja kwanza," alisema Shemeji. Bahati ilikuwa imeanza kumtia wasiwasi. "Mara tisa napigwa, leo navuna watu kama mchicha? Haiingii akilini. Nina karatasi hapa. Kuna jamaa yangu wa maktaba nilimwomba anitolee kopi ya ule ukurasa wenyewe wa kitabu. Nilitaka kukuumbua kwamba watu wangu umewapunguza. Dada, wewe lugha hiyo unaijua. Tusomee."

Dada akavaa miwani. Alisoma kimoyomoyo kwanza, halafu akatafsiri kwa sauti. "Adui alishambulia alfajiri. Amri ilikuwa kulishika daraja hadi adhuhuri. Msaada ulioahidiwa haukufika. Kikosi kiliondoka darajani saa tisa."

"Saa tatu," Fundi alimsahihisha.

"Saa tisa."

"Dada, hapo imeandikwa ngapi?"

"Tatu."

"Haya basi!"

"Haya basi nini? Alfajiri ameiandika kwa maneno. Adhuhuri kwa maneno. Hii peke yake ndiyo ameiweka tarakimu, na saa zao hawazihesabu kama sisi, mdogo wangu. Miaka thelathini na moja nimeandika tatu kwenye chati za wagonjwa, na kwa mdomo nikiwaambia saa tisa. Tatu yao ya usiku, vita havijaanza. Kwa hiyo hii ni ya mchana. Saa tisa alasiri."

"Baba Mkubwa alikuwa mwalimu!"

"Mwalimu, ndiyo. Na sebule imejaa watu, jasho linamtoka, anatafsiri mbiombio. Maneno aliyatafsiri. Tarakimu akaisoma kama alivyoiona."

Fundi Meno alikaa chini. Waliambiwa wakae mpaka saa sita, wakakaa mpaka saa tisa. Alitamani kumfukua Baba Mkubwa amtikise mabega. Kisha hasira ikamgeukia mwenyewe, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mara tisa askari wale walimwambia ukweli pale mezani, naye akawajibu kwa kuwatia ugonjwa wa tumbo na ukungu, na mwisho akawamaliza kwa dadu ya wizi.

"Shemeji," alisema, "nipe hiyo dadu. Niliitoboa."

Shemeji akaigeuza mkononi, akaipima uzito. "Nilijua mimi sina bahati ya namna hii," alisema taratibu, akamrudishia.

Wote wakamtazama mzee. Walitarajia atabasamu, au atamke jina la Mungu, au alie.

"Aliniambia," mzee alisema.

"Nani, Baba?"

"Baba yangu. Siku ile ile, wageni walipokwisha kuondoka. Alisema, mwanangu, jua lilikuwa limeshapinda, vivuli vyetu vimehamia upande wa pili wa daraja. Nikamwambia, usinidanganye, imeandikwa." Meno yakamgongana. "Hakuniambia tena neno la vita mpaka anakufa. Na mimi nikasema afadhali, uongo umemwishia."

Dada akamwekea mkono begani. Mzee akautoa, bila ukali.

"Pangeni upya," alisema. "Kwa dadu nzima. Tunakwenda mpaka saa tisa."

Wakapanga. Fundi alirudisha risasi zote, akaondoa pamba mtoni, akatoa ile mizinga ya uongo. Adhuhuri ya mchezo ilipita na hakuna aliyeshangilia. Baada ya hapo Fundi hakujua lolote, maana hakuwahi kucheza zaidi ya hapo. Karatasi zake zote ziliishia saa sita. Shemeji alicheza kwa nguvu zake zote, bila utani, na saa nane ya mchezo askari wakaanza kwisha. Kila mmoja aliyeanguka, mzee alitaka apewe kwanza mkononi. Alimtazama uso, akamrudisha, ndipo Fundi akamlaza sandukuni.

Saa tisa ya mchezo walikuwa wamebaki kumi na wanane. Hapo hapakuhitajika dadu tena. Fundi akanyoosha kiganja awazoe, kama alivyozoea kila mchezo unapokwisha.

"Usiwazoe," mzee alisema.

Fundi akarudisha mkono. Akaweka kidole nyuma ya askari wa kwanza, akaanza kumsogeza kutoka darajani kuelekea ukingoni.

"Polepole, mwanangu," baba yake alisema. "Watu hao wamechoka."