Jirani Niliyemsingizia Sumu

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Mama yangu mzazi alikuwa mlevi ndani ya nyumba yangu, hapa mtaa wa Shari, na kwa upofu wangu nikamfukuzisha mwanamke asiye na hatia.

Baba alipofariki nilimleta mama tuishi pamoja. Mtu wa kanisa, mwimbaji wa kwaya, nani angemdhania ulevi? Lakini alianza kukonda. Asubuhi mikono ilimtetemeka hadi chai ikamwagikia kitenge. Chakula hataki, anatapika, na kutwa nzima anatafuna karafuu. Nilipomuuliza, alisema ni meno.

Wenzangu wa sokoni wakaniambia hiyo ni sumu, ile ya kuua polepole. Nani anampa chakula? Basi nikamkumbuka jirani yetu, mjane aliyekimbia vita kule Djugu, ambaye alikuwa akimletea mama maharagwe. Kesi nikaimaliza palepale!

Siku zile zile yule mjane mwenyewe akanivuta pembeni.

"Dada, mama yako anakunywaka," aliniambia. "Namuonaka nyuma ya jikoni na kichupa. Umupeleke ku opitali, usimugombeze."

Nilimtukana. Nilimwambia mchawi hakosi pa kujifichia.

Nikampeleka mama kwa mganga wa kienyeji, akatupa dawa ya mizizi ya kutoa sumu. Nilimnywesha kikombe asubuhi, na muda si muda mikono ikatulia, akacheka, akaomba uji. Nililia kwa furaha. Nani angenibishia tena? Nikatangaza avenue nzima, barabara yetu yote, na vijana wakataka kumchoma jirani. Alikimbia na watoto wake, nguo zao zikabaki kwenye kamba.

Kumbe mizizi ile ililowekwa kwenye kaikpo, pombe kali ya mihogo! Mikono ilitulia kwa sababu imepata ilichokuwa inakililia. Nami nikaendelea kumnywesha kila asubuhi kwa mkono wangu, tena nikiomba Mungu kwanza, hadi siku alipotapika damu.

Hospitalini daktari aliniuliza mama ameanza kunywa lini. Nikamjibu kwa ukali kwamba mama hanywi, amelishwa sumu. Mama akageukia ukuta.

"Mutoto yangu, haikukuwa sumu," akasema. "Nilijua. Nilisikia haya ya kusema."

"Na ule mama mwenye tulifukuza?"

"Nilisikia haya," akarudia.

Mama yuko hai, bado tunahangaika naye. Jirani sijui aliko. Wengine wanasema yuko Bogoro, wengine wanasema kwenye kambi ya wakimbizi. Kwenye avenue yetu bado wanamwita mama wa sumu. Ningeweza kumsafisha leo hii, ila itabidi niseme mama yangu ni mlevi. Nilishasimama kanisani niseme hivyo, nikaishia kuomba wimbo, nikakaa.

Jamani, mkiona mpendwa wenu anatetemeka asubuhi kisha anatulia akishakunywa kitu, anakataa chakula, anaficha harufu ya mdomo, msikimbilie kutafuta mchawi. Mpelekeni hospitali. Na anayewaambia ukweli msimtukane. Mimi hata hapa nimeficha jina langu, na la yule mjane linaendelea kutajwa kwa sumu.