Darasa la Pili Bila Kitabu

Ukisikia mtu anasema wifi ni wifi hata akiwa wa dhahabu, ujue kanisikia mimi. Niliyasema hayo mwaka mzima, tangu kaka yangu alipomwoa mwalimu mwenzangu akamleta nyumbani, na mimi nimeshachoka kumwona shuleni. Nafundisha darasa la nne, yeye la pili, na kati yetu kuna ukuta wa mbao usiozuia hata chafya. Akiimbisha silabi upande wake, wanafunzi wangu wanaacha kugawanya wanaitikia. Mtu wa hivyo unamvumilia shuleni, halafu jioni unamkuta kwenu amekalia kiti chako!

Lakini leo nataka kumsema kwa mema, na atakayenizuia ajitokeze.

Wifi yangu ni mfupi, ana sauti kubwa kuliko umbo, na mabega yake hayakosi vumbi la chaki. Shule nzima inamwita Mwalimu Mbio, maana hatembei, anakimbia, hata akienda kunywa chai. Na ni mbishi. Kaka yangu alishasema kubishana na mke wake ni kutwanga maji kwenye kinu.

Darasa la pili alilirithi katikati ya mwaka, mwenye darasa alipokwenda kujifungua. Alipewa darasa na sifa zake zote mbaya: wana kelele, hawajui kusoma, wazazi wao kila siku wako ofisini kwa mkuu wakilalamika. Mwalimu Mkuu akachoka. Akatangaza kwamba Ijumaa mwalimu wa taaluma angekuja kuwapima kusoma, na wakishindwa, darasa zima lingerudia mwaka. Zima, bila kubagua. Mwalimu wa taaluma tunamwita Kipenga, kwa kuwa akishatoa uamuzi wake, mchezo umekwisha, nendeni nyumbani.

Jumatatu wifi akaanza wiki kwa kitabu chao cha kusoma, hadithi ya mbuzi aliyeingia dukani. Nilikuwa nawasikia ukutani. Jamani, walikuwa wanatiririka! "Mbuzi akaingia dukani, mbuzi akala mkate, mwenye duka akapiga kelele." Sauti moja, hakuna anayejikwaa. Nikajisemea, basi Ijumaa si neno, watoto hawa wameiva.

Saa ya chai Mwalimu Mbio akaja kwangu anatembea polepole. Nikajua kuna msiba.

"Wifi, hawasomi," akasema.

"Nani hasomi? Nimewasikia kwa masikio yangu haya mawili."

"Wanaimba. Upepo umeingia dirishani ukafunua kurasa, huyu kafunuliwa mwanzo, yule mwisho, na wao bado wanaendelea na mbuzi wao. Hakuna hata mmoja aliyenyanyua kidole kurudisha ukurasa. Wamekikariri kitabu chote, wifi, mpaka nukta!"

Nilicheka chai ikanitokea puani. Nilipomaliza kujifuta nikampa ushauri, na niliutoa kwa moyo mweupe. "Sasa shida yako nini? Kipenga atakuja na kitabu hichohicho, hana kingine. Waache waimbe, wapande darasa, wewe upumue."

Akaniangalia jicho la pembe. "Wapande waende wapi? Watakwenda la tatu wakiimba, kisha watakuja kwako la nne. Utawapokea wewe?"

Wa aina hiyo nimewapokea sana. Kuna watoto wakubwa, ndevu zinachungulia, ukimwambia mmoja asome swali la hesabu anakuangalia kama umemtukana. Mtoto wa hivyo anauma moyo, maana unajua alipitia kwa watu wazima wengi na kila mmoja alimsukuma mbele ili amwondoe machoni.

Wifi akarudi darasani, akakusanya vitabu vyote, akavifungia kabatini. Ufunguo akanikabidhi mimi. "Hata nikikulilia, usinipe mpaka Ijumaa."

Jumanne darasa la pili likageuka jalala. Alikuwa amewaambia kila mmoja alete kitu chochote chenye maandishi kutoka nyumbani. Vikaja vifuko vya unga, karatasi za sabuni, maboksi ya kiberiti, kopo la rangi, na mtoto mmoja akaleta kibao kilichong'olewa getini, "Mbwa mkali." Wifi mwenyewe alikuwa amekata boksi la dawa ya kikohozi ya mume wake. Kaka yangu alikuja kunishtakia jioni, anakohoa, hajui anywe vijiko vingapi. Nikamwambia, "Uliyemwoa ni wewe, mimi nilikuwepo tu kwenye harusi."

Silabi watoto walikuwa wanazijua, tangu alipowachukua alikuwa anawapigisha kila asubuhi. Tatizo, hawakuwahi kuzitumia, kwa nini wahangaike na wimbo upo? Sasa wimbo ulikuwa umefungiwa kabatini. Basi nikawa nawasikia wanavyohangaika: "Sa... sabu... sabuni!" Halafu kimya. Halafu mtu analia.

Jumatano ndiyo ilikuwa siku mbaya. Akawatoa nje wazunguke shule wasome kila kilichoandikwa ukutani na milangoni. Wakasimama mbele ya choo cha walimu wakisoma mlango, na Mwalimu Mkuu yumo ndani. "Wa... wali... walimu tu!" Alitoka amenuna, akapita katikati yao bila salamu. Na mchana akaja mama mmoja, mikono kiunoni, akasimama mlangoni kwa wifi.

"Mwanangu alikuwa anasoma kitabu kizima. Tangu juzi anasoma neno moja, anatoa jasho. Umemfanya nini?"

Wifi alijaribu kumweleza. Wapi! Yule mama hakutaka kusikia, akasema akikuta mtoto wake karudia mwaka atajua la kufanya. Nilisikia yote, na hasira zikanipanda. Wifi yangu nimseme mimi, si mtu wa kupita!

Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, Mwalimu Mbio akaja kwangu macho mekundu. "Nipe ufunguo."

"Kwa nini?"

"Mama yule ana haki. Watoto wa watu, wifi. Mimi ni nani hata niwachezee bahati yao? Wakirudia mwaka mzima kwa ukaidi wangu, nitaweka wapi uso? Wacha waimbe."

Sasa hapo ndipo ningempa. Ushauri si ulikuwa wangu? Lakini mdomo wangu huu haunisikilizi hata mimi mwenyewe. Nikamwambia, "Ulisema nisikupe hata ukinililia. Haya, lia kwanza tuone."

Akacheka, machozi yanamtoka. Ufunguo sikumpa. Usiku nilijilaumu mno, nikawaza, nimewaponza watoto kwa utani.

Alhamisi katikati ya kipindi nikahisi kuna kitu hakiko sawa. Ilinichukua muda kujua ni nini: kulikuwa kimya. Darasa la pili, kimya! Nikasema leo wifi kazimia. Nikatoka mbio, nikachungulia dirishani.

Alikuwa amesimama ubaoni, hasemi. Anaandika tu. "Simameni." Macho yote ubaoni, midomo inachezacheza, kisha mmoja akasimama, wawili, kumi, wote. "Gusa kichwa." Wakagusa. "Mvute rafiki yako sikio." Hapo palikuwa na vita kidogo. Kisha akampa mtoto mmoja chaki. Kabinti kembamba, kakaandika kwa herufi zinazopanda mlima: "Mwalimu cheza." Na mwalimu akacheza, jamani, akakata kiuno pale mbele na mabega yake ya chaki, watoto wakaanguka kwa kicheko. Nilisimama pale dirishani nikasahau nina darasa langu. Kuanzia hapo nilikoma kujilaumu.

Ijumaa Kipenga akaja na kitabu cha mbuzi chini ya kwapa, kama nilivyotabiri. Nikawapa wanafunzi wangu zoezi refu la kuzidisha, nikahamia kiti kilicho karibu na tundu la ukutani. Usiniangalie hivyo, hata wewe ungehamia.

Akawaita mmoja mmoja mbele. Na hapo ndipo nikaona wifi kajichimbia kaburi. Mtoto anayesoma kweli, tena wa siku chache, hasomi vizuri kama anayeimba. Anakwama, anarudi nyuma, anajikuna. "Mbu... mbuzi... aka... akai... akaingia." Mwenye kasi angemaliza hadithi na kunywa maji. Wengine, wakiona kitabu chenyewe, wangeweza kabisa kurudi kwenye wimbo, lakini walikuwa wameshaonja kusoma, wakakataa kuimba. Kila neno walilifungua kama karanga.

Kipenga akatikisa kichwa. "Mwalimu, mwezi uliopita nilipita hapa nikawasikia wanasoma kama maji. Leo hivi? Wamerudi nyuma."

"Mwezi uliopita walikuwa wanaimba," wifi akasema, na sauti yake kubwa ikawa ndogo. "Leo wanasoma."

"Mimi napima ninachokisikia."

Sasa nikueleze mazoea ya shule yetu, maana bila hayo hutaelewa. Madarasa ya chini, walimu tukitaka kuambiana jambo mbele ya watoto, tunaliandika pembeni mwa ubao. Mume kalewa, mishahara imechelewa, mkuu kaamka vibaya, tunaandika tu, anayehusika anasoma, tunafuta. Miaka yote. Nani wa kumficha? Watoto hawajui kusoma.

Basi Kipenga, kwa ustaarabu wake, hakutaka kutamka hukumu mbele ya watoto. Akachukua chaki, akaandika pembeni mwa ubao ili wifi aone: "Naona wote warudie mwaka."

Wifi akasoma. Nami nikasoma kupitia tundu.

Kisha nikasikia mnong'ono. Haukuwa wa pamoja, haukuwa wimbo hata kidogo. Huku "na... naona," kule "waru... warudi," nyuma kabisa kuna mtu kashafika "mwaka" na anamngoja jirani yake. Vichwa vyote vimegeukia pembeni mwa ubao. Kisha mtoto wa dawati la mbele akapiga ukunga.

"Mwalimu, hatutaki kurudia!"

Darasa zima likalipuka. Wengine wanalia, wengine wamesimama juu ya madawati, mmoja anasema yeye asirudie kwa sababu dada yake yuko la tatu na atamcheka.

Kipenga akageuka huku na huku. "Nani kawaambia mtarudia? Mwalimu, umewaambia?"

Kabla wifi hajafungua mdomo, yule mtoto wa mbele akamjibu, kamasi na machozi, kwa mshangao wa mtu anayeulizwa jambo lililo wazi: "Si umeandika wewe hapo."

Kipenga akaangalia ubao. Akaangalia kitabu cha mbuzi. Akamwangalia wifi yangu muda mrefu, na wifi akamwangalia vilevile, kidevu juu, machozi yanashuka na hayafuti.

Mzee wa watu akachukua kifutio, akafuta taratibu, akaandika upya, safari hii katikati ya ubao na kwa herufi kubwa. Kisha akaweka chaki chini, akakunja mikono, akangoja.

Hakuna aliyewasomea. Nilijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili nisiwasaidie. Midomo midogo ikaanza kucheza, "Mme... mmepa... mmepanda..." dawati baada ya dawati, wepesi wakiwangoja wazito, mpaka wa mwisho kabisa naye akafika kwenye nukta. Na hapo, haki ya Mungu, kelele iliyotoka ilitikisa ule ukuta wa mbao. Darasa langu likaacha kuzidisha likashangilia bila kujua linashangilia nini, nami nikazunguka mbio mlangoni, nikapiga kigelegele mtu mzima mimi, nikamkumbatia wifi yangu mbele ya Kipenga na mbele ya watoto wake wote wanaojua kusoma.