Matokeo ya Jumamosi

Timu yetu ya taifa ina tabia moja mbaya: inapenda kucheza Jumamosi. Sijui ni nani anayepanga ratiba, ila nina hakika si Msabato. Mimi nilizaliwa Msabato, kule kisiwani Mfangano, na nimekuwa shabiki wa timu ya taifa tangu nilipojua kufungua redio, na mambo hayo mawili hayajawahi kupatana. Jua likizama Ijumaa nafunika cherehani, nazima simu, na mpaka lizame tena kesho yake sitaki kusikia habari ya mpira. Kanisani kwetu wapo wanaochungulia. Siwahukumu. Kila mtu atajibu mwenyewe.

Kwa miaka kumi na minne nilikuwa na rafiki aliyeangalia mpira kwa niaba yangu. Ni Mkuria wa Isebania, Mkatoliki, dalali wa ng'ombe. Alikuja kibandani kwangu hapa Migori kushonesha suti ya ubatizo wa mwanawe, akakuta redio inatangaza mechi, akasahau kilichomleta. Suti yenyewe niliikosea mabega. Alinisamehe kwa sababu siku hiyo tulitoka sare na timu kubwa, na mtu aliyetoka sare hana nguvu ya kugombana. Yeye hajui Kijaluo, mimi sijui Kikuria. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, kila mmoja akikivunja kwa namna yake. Mimi nilimwita omera, yeye aliniita mura, kila mtu akimpa mwenzake neno la kwao la kuitia rafiki.

Desturi yetu ilikuwa hivi. Jumamosi ya mechi aliangalia kwake Isebania, kisha akapanda gari na kufika kwangu giza likianza kuingia. Mimi nilikuwa nimejilinda kutwa. Kati ya kanisa na nyumba yangu kuna steji ya bodaboda, na vijana wa pale wananijua. Mmoja alipiga kelele, "Mzee, tumenyolewa!" Mwingine akamkatiza, "Wacha uongo, tumeshinda mbili!" Walipingana makusudi ili nisijue ukweli. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yao kwangu, na sikuwahi kuwashukuru.

Akifika hakusema matokeo. Aliomba chai kwanza. Kisha alichukua mkebe wangu wa vifungo, akavimwaga juu ya meza ya kukatia nguo na kuvipanga: vyeusi sisi, vyeupe wao, na kile kikubwa cha koti ndiye kipa wetu. Alianza na wimbo wa taifa, kisha akashuka dakika kwa dakika, akisogeza vifungo kwa kidole kimoja. Beki akichelewa kugeuka alisema, "Huyu ameshiba kama ng'ombe imeingia shamba ya jirani." Bao nililijua lilipoingia, si kabla. Mara nyingi lilikuwa limeingia kwetu. Ikifika dakika ya themanini akianza kushusha sauti, nilijua mambo yameharibika, lakini nilingoja, maana kwa timu yetu huwezi kujua.

Baada ya kipenga cha mwisho tulipiga hesabu. Shabiki wa Kenya hana vikombe, ana hesabu. Tukishinda ile ya ugenini, na wale wa kaskazini wakitoka sare na wale wa magharibi, na refa akawa na huruma, na mshambuliaji wetu akapona goti, basi tunapita. Juu ya meza ile tumefuzu mashindano makubwa mara nyingi sana.

Mke wangu alikuwa akitucheka kutoka jikoni. Alipofariki tulimvusha kwenda kuzikwa Mfangano. Rafiki yangu ni mtu wa nchi kavu na anaogopa maji, lakini alipanda boti pale Mbita, akashika ubao kwa mikono yote miwili na kufumba macho mpaka tulipofika. Wiki hiyo hiyo timu ilicheza. Sikuuliza, naye hakusema. Ilipita miezi miwili, na jioni moja nikamuuliza, "Omera, ile mechi ya wiki ya mazishi ilikuwaje?" Akainuka, akachukua mkebe, akaanza na wimbo wa taifa.

Watoto wangu wako mbali na hupiga simu Jumapili. Nyumba ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Niseme wazi: nilizingoja Jumamosi zile kuliko nilivyoungoja ushindi wowote.

Sasa, kuhusu safari. Kutoka huku kwetu hadi Nairobi ni mwendo wa kutwa: Kisii na milima yake, Narok na upepo wake, halafu ule mteremko wa bondeni na kupanda tena. Kwa watu wa Migori na Homa Bay, timu ya taifa ni kitu cha redio na runinga. Mtu anazaliwa, anazeeka na kuzikwa akiishangilia bila kuiona kwa macho yake. Kwa hiyo tuliapa: siku mechi ya nyumbani itakapoangukia Jumapili, tutaenda. Na siku hizi, kwa kuwa nchi yetu na majirani wawili tumepewa kuandaa mashindano ya Afrika, ndoto zilikuwa zimepanda bei. Mwenyeji hafuzu kwa jasho, anafuzu kwa kuwa na uwanja. Mimi nilisema hatutavuka makundi. Yeye alisema nusu fainali. "Mura, tuko ndani ya nyumba tayari," aliniambia. "Nani atatufungia mlango?"

Kisha siku ikafika. Mechi ya nyumbani, Jumapili, saa tisa. Binti yake alitukatia tiketi mbili kwa simu. Rafiki yangu alikuja siku ya kazi, jambo ambalo hakulizoea, tupange safari.

"Tutoke Jumamosi asubuhi," alisema. "Tulale kwa mtoto wangu, Jumapili tuende uwanja tukiwa watu."

"Jumamosi ni Sabato. Tutoke jua likizama, tupande gari la usiku."

"Gari ya usiku mimi sipandi. Unajua."

Nilijua. Kaka yake alikufa katika gari la usiku, ng'ambo ya Narok, na mimi ndiye niliyeshona suti aliyozikwa nayo. Hakuna mtu Migori aliyejua kuliko mimi. Lakini siku hiyo nilikuwa na hasira ya mtu anayejiona ana haki, na sijaona hasira mbaya kuliko hiyo. Nikasema, "Ajali haichagui saa. Kaka yako angekufa hata mchana."

Alimaliza chai yake yote, akaweka kikombe mezani polepole. "Hiyo jua yako, mura," alisema, "miaka yote ni mimi nimekuwa nikiingojea." Akachukua kofia, akaenda.

Jumamosi ile nilikaa kanisani, mhubiri akiwa katikati ya neno, ndipo wazo likaniingia: Ijumaa! Tungeondoka Ijumaa alfajiri, tungefika kabla jua halijazama, ningesali Sabato yangu Nairobi ambako makanisa yetu yamejaa kila mtaa, na Jumapili tungekwenda uwanjani tumepumzika. Mtoto wa darasa la tatu angeliona hilo. Mimi sikuliona kwa sababu sikuwa nikitafuta njia, nilikuwa nikitafuta kumshinda. Nilitaka kulia, na palepale kwaya ikasimama kuimba, nami nikasimama pamoja na wengine.

Jumapili nilisikiliza redioni. Tulishinda. Nilisikia uwanja mzima ukinguruma na nikajua sauti yake imo humo ndani, na kando yake pana kiti kitupu. Nilijikuta nimesimama katikati ya kibanda, tepu ya kupimia shingoni, mikono juu, sina wa kumkumbatia. Nikaishusha mikono, nikarudi kwenye sketi ya mtu.

Jioni nilimngoja. Kesho yake nikamngoja. Ushindi kama ule, nilijiambia, hauwezi kukaa ndani ya mtu, atakuja tu kuumwaga. Hakuja. Simu ninayo na namba yake ninayo, ila uso wa kumpigia sikuwa nao. Nilikuwa nikiandika ujumbe mchana, naufuta kabla ya chakula cha jioni. Wiki zikapita, zikawa miezi. Nikajifunza kupika ugali wa mtu mmoja, kitu ambacho sikuwa nimejifunza hata mke wangu alipofariki, kwa sababu siku zote nilisonga wa kubakia, isije mtu akatokea.

Halafu timu ikacheza tena Jumamosi, ugenini, mechi ya kutuambia kama tuna timu au tuna bahati tu. Nilisali, nikarudi kwa njia ya steji. Vijana walinitazama tu, hakuna aliyepiga kelele. Nadhani walikuwa wamegundua kwamba yule mzee wa Isebania haji tena. Jua lilizama. Nilichemsha chai ya vikombe viwili. Nilikunywa changu, chake kikapoa, nikakimwaga.

Simu ilikuwa kifuani, imezimwa. Ningeiwasha tu na kujua. Sikuweza. Niliona kwamba nikiyajua matokeo kutoka kwenye simu, kama mtu mwingine yeyote, basi urafiki ule utakuwa umekwisha kweli, na mimi ndiye nitakuwa nimeumalizia.

Basi nikaanza upuuzi. Jumapili sikuwasha simu, watoto wakanikosa. Jumatatu nilibandika karatasi mlangoni mwa kibanda, kwa herufi kubwa: USINIAMBIE MATOKEO. Kinyozi wa mkabala alikuja, akaisoma, akaniuliza kama nimeenda kupimwa presha. Mama mmoja aliyeleta sare za shule akafungua mdomo, nikaanza kushona kwa kasi cherehani ikapiga kelele mpaka akaondoka. Redio niliigeuza uso kwa ukuta, ingawa ilikuwa imezimwa. Nilitembea sokoni nimeziba masikio kwa pamba. Mtu akiwa peke yake muda mrefu hufanya mambo ambayo akiyafanya mwingine angemcheka.

Siku ya soko la mifugo la Ogwedhi ilipofika, nilifunga kibanda asubuhi. Nilijua atakuwa huko, maana pale Wamaasai huteremsha ng'ombe na Wakuria huja kununua, na yeye hajawahi kukosa. Nilivaa koti langu la kanisani na kupanda bodaboda. Kijana aliyeniendesha alikuwa na jezi ya timu ya taifa, na kabla hajawasha pikipiki nilimwapisha asiniambie neno. Aliniambia sawa mzee, kwa sauti ya mtu anayebeba mgonjwa.

Njia yote nilipanga maneno. Nilipofika, vumbi na kelele za ng'ombe zikayafuta. Nilimwona upande wa pili wa boma, ameegemea fimbo, akimpima fahali mwekundu kwa macho. Alikuwa amekonda. Shati alilovaa lilikuwa la kununua dukani, na kola yake ilikaa vibaya.

Nilimwendea. Aliniona nikiwa bado mbali, akarudisha macho kwa fahali.

"Omera," nilisema.

"Mura."

"Lile neno nililosema juu ya kaka yako, nilikosa. Nilijua ni kosa nikilisema, na nikalisema. Nisamehe."

Alichora mstari kwenye vumbi kwa fimbo. Mwenye fahali alitaja bei, naye akamwashiria angoje.

"Umetoka Migori kuja kusema hiyo?"

"Hiyo, na kukuuliza mechi ya Jumamosi ilikuwaje. Sijui matokeo."

Ndipo aliponitazama. "Mechi ya Jumamosi hii imepita?"

"Hiyo."

"Leo ni siku ngapi, na hujaambiwa?"

"Nimewakataza wote. Nakungoja wewe."

Alivua kofia, akaigeuza mikononi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona amezeeka. Nilidhani anaupanga mchezo kichwani, anatafuta pa kuanzia, na moyo wangu ukaanza kutulia.

"Mimi pia sijui," alisema.

Nikadhani ananitania.

"Si utani. Ile ya Nairobi nilienda, nikaona yote, nikarudi nayo hapa," akajigusa kifua, "nikakosa pa kuiweka. Hii ya Jumamosi watoto walifungua TV, nikatoka nje nikakaa na ng'ombe." Akafuta uso kwa kofia. "Niangalie, halafu nikuje nimwambie nani?"