Kibanda cha Fundi Yahya

Nilipokuwa mtoto wa kuchunga ndama, Mjerumani akiwa ndiye serikali na reli imeshafika Dodoma, Bibi yangu alikuwa na mpangaji Myahudi. Aliitwa Yahya, fundi wa vyombo vya fedha kutoka Yemeni. Watu walimwita Mwarabu, lakini msikitini hakwenda wala kanisani. Alisali amejifunika shuka jeupe, na kila Ijumaa jua lilipozama aliimba. Sisi watoto tulimwiga mpaka Bibi akatukemea.

Mwaka ninaousema, mavuno yalikuwa haba na maghala yamebaki vumbi. Kila mtu alikuwa juu ya tembe lake akikandika udongo kwenye paa, akingoja mvua. Fundi Yahya yeye akatoka kwenye nyumba nzima, akajenga kibanda cha miti uani, akakiezeka kwa mabua machache tu ya mtama, hata ukiwa ndani unaziona nyota. Akahamia humo kula na kulala, akisema ndiyo sikukuu yao ya vibanda.

Kwetu hilo halikuwa jambo dogo. Tuliamini kuwa mtu anaweza kuifunga mvua, na asiyeziba paa msimu ule ni yule anayejua haitanyesha, kwa kuwa ameifunga mwenyewe. Wazee walimwambia Bibi waziwazi: kibanda kivunjwe, la sivyo mpangaji aondoke na yeye amfuate. Niliogopa, maana sikuwa na mtu mwingine ila Bibi.

Bibi hakuwa mtu wa kukurupuka. Aliweka kigoda chake karibu na kibanda, akawa anachambua mboga huku akisikiliza. Jioni moja alikuja mzungu wa relini, naye Myahudi, wa huko Ulaya. Wakaimba pamoja. Maneno yalikuwa yale yale, hata mimi niliyasikia, ila kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuimba. Wakasimama, wakabishana, wakaanza upya, wakashindwa tena, wakacheka.

"Wachawi gani hawa, hata wimbo hawajapatana," Bibi akaninong'oneza.

Siku ya mwisho ya sikukuu yake, asubuhi, Fundi aliimba kwa sauti ya mtu anayesihi. Alipomaliza, Bibi akamwita.

"Fundi, leo umeomba nini?"

"Mvua, mama."

"Inyeshe wapi?"

Fundi akakunja shuka lake. Angeweza kudanganya, na mimi nilitamani adanganye.

"Nchi ya mababu zetu wa kale, si Yemeni," akasema. "Ndivyo tulivyopokea. Popote tulipo, tunaiombea ile."

"Unakunywa maji ninayochimba mchangani, halafu unaombea kwenu?"

"Kwetu kwenyewe sijawahi kufika, mama. Hata babu yangu hakufika."

Bibi alicheka mpaka mboga zikamwagika. "Basi ongeza na hapa!"

"Maneno yale hayaongezwi." Akafikiri kidogo. "Lakini nimeshamaliza. Sasa naweza kuomba ya kwangu." Akainua mikono, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mungu, na hapa kwa mama huyu."

Bibi akaenda moja kwa moja kwa wazee. "Mtu anaomba mvua, ninyi mnamfukuza?" Walinung'unika, wakakubali kungoja. Mvua ilinyesha kwa wakati wake, si mapema. Wazee walisema ni tambiko lao, na Fundi hakubisha.

Vita vilipoanza alipanda treni kwenda Pwani, hakurudi. Watu walipoanza tena kukandika mapaa, Bibi alinituma nikate mabua. Tukajenga kibanda. Nilipotaka kuezeka vizuri alinishika mkono, akasema yatosha. Wimbo hakuujua hata neno moja. Alikaa humo na kigoda chake, kisha akainua mikono.

"Mungu, na kule kwao Fundi."

Sasa nimezeeka. Nikiulizwa kama mvua hufungwa, husema sijui, na ni kweli sijui. Bibi hakuwahi kupanda treni wala kuvuka Kilosa. Lakini mwaka ule wa vita, ghala lake likiwa nusu tupu, aliiombea mvua nchi ambayo hata Fundi mwenyewe hakuwahi kuiona.