Jibu Lilikuwa Mizani

Sauti ninayoikumbuka vizuri ni ya miguu ya watu wazima wakipanda ngazi ya mbao mbio mbio huku wanacheka. Mbao zilikuwa zinalia kama ngoma. Miaka ile ya vita, hapa Butembo, mtu mzima akikimbia ulikuwa unajua mara moja kuna nini: unafunga mlango, unawalaza watoto chini. Kukimbia na kicheko pamoja tulikuwa tumekusahau. Siku ile mimi ndiye niliyewakimbiza watu, na nilifurahi mpaka nikasikia machozi yanakuja.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye depo ya nguo za chagua, yaani mitumba, zile zinazokuja kwa balo, marobota makubwa yaliyofungwa kwa waya. Shule yangu iliishia mwaka wa nne wa sekondari, lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri, basi nikawekwa kuandika etiketi za balo. Wenzangu waliniita sekretere kwa utani, nami nilikuwa naitika kama sekretere kweli.

Kila mwisho wa mwaka patron, mwenye depo, alikuwa anatukusanya kwa mkutano. Mwaka ule barabara ilikuwa imefungwa majuma mengi, malori hayafiki, na watu walikuwa wamechoka hata kuongea. Patron akasema, "Réunion ya safari hii itakuwa kama matanga. Nani iko na mawazo?"

Nikanyoosha kidole. Kwenye kikundi cha vijana cha parokia tulikuwa tumefundishwa jeu de piste, ule mchezo wa kufuata alama: mnagawanywa kwa vikundi, mnapewa karatasi zenye fumbo, mnatafuta vitu vilivyotajwa, na kikundi kilichovipata vyote kinapata zawadi. Patron alifikiri kidogo, akasema, "Fanya. Lakini usinivunjie depo."

Majuma mawili nilikuwa naota macho wazi. Nilijiona nimevaa suti ya bluu, kila ofisi ya Butembo inaniita niwapangie michezo, mpaka Beni wananitumia gari. Niliandika mafumbo sita, nikayaandika upya mara nyingi. La nne ndilo nililolipenda kuliko yote: "Mimi ni muzee kuliko bote hapa. Ninakaa fasi moja tu. Kila kitu kinapita mbele yangu na sisemi neno." Jibu lilikuwa mizani kubwa ya chuma, bascule, ambayo patron aliikuta ndani ya nyumba siku aliyoinunua. Niliifunika na turubai ili wahangaike kidogo.

Siku ikafika, saa nne asubuhi. Wachezaji walikuwa kumi na wawili, vikundi vitatu vya wanne, nami msimamizi. Mama mmoja tu hakucheza. Alikuwa mpangaji wa nguo, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, na mimi nilimwita yaya, yaani dada mkubwa. Alikuwa ametoroka vita huko upande wa Beni. Yeye ndiye aliyenifundisha kujua shati nzuri kwa kugusa kola tu, na siku nilipofiwa na baba alinipikia siku tatu. Alisema atabaki kutayarisha chai. Alisema pia, polepole, akitazama ngazi ya mbao, "Sekretere, huko juu usipeleke mchezo. Kuko vumbi mingi." Nikamwambia sina kitu huko juu. Ilikuwa kweli, sikuficha kitu huko. Lakini mtu akiambiwa atafute, anatafuta kila mahali. Hilo sikulifikiri.

Kikundi cha wafungaji wa balo kilikwama kwenye fumbo la nne. Mmoja wao akapiga kelele, "Muzee! Bintu bya zamani biko juu, kwa balo zenye hazikuuzwa!" Ndipo wakapanda ngazi. Nikasikia balo zinasukumwa, halafu kimya, halafu kicheko kikubwa kupita vyote.

"Tumemupata! Ee, huyu sekretere iko na akili ya mubaya! Amekodi koko muzima!"

Wakashuka naye. Kwetu koko ni bibi, na huyu alikuwa mzee sana, mdogo wa mwili, rozari mkononi. Mmoja alimshika mkono wa kuume, mwingine wa kushoto, wa tatu alitangulia nyuma nyuma akimwonyesha pa kukanyaga. Walimshusha kwa adabu kama bibi arusi. Wakamkalisha kwenye kiti cha patron, depo nzima ikapiga makofi. Bibi akatutazama mmoja mmoja, akaanza kutabasamu. "Wasingya," akasema, ndiyo asante kwa Kinande. "Wasingya, wasingya." Alidhani tunamkaribisha.

Patron mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho. "Sekretere, sasa huyu koko ulimutoa wapi?"

Yaya alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe. Hakumwangalia yule bibi. Aliniangalia mimi.

Ningesema tu, "Ni surprise, patron." Maneno matatu. Wote walikuwa wameshaamini, hata patron. Bibi angekunywa chai, angepewa mkate, na yaya angemtoa kwa mlango mkubwa kama mgeni.

Lakini mimi nilikuwa nawaza fumbo langu. Niliona wanaliharibu.

"Hapana, patron," nikasema. "Huyu mama simujue. Jibu ni bascule. Équipe hii imekosea, tunabapunguzia point moja."

Kicheko kikakatika. Patron akasimama. "Kama weye humujue, nani anamujua?"

Yaya akaweka sinia chini.

"Ni mama yangu, patron."

Akaeleza palepale, mbele yetu sote. Tangu askari walipoingia kwao na kumkuta mama peke yake, bibi hakuweza tena kubaki ndani ya nyumba bila mtu. Alikuwa anatetemeka mpaka anaanguka. Basi yaya alikuwa anamleta asubuhi kabla hatujafika, anamkalisha juu nyuma ya balo, na saa ya kufunga anabaki nyuma, eti anapiga fagio, anaondoka naye. Miezi minne. Hatukusikia hata kikohozi.

Patron hakuwa mtu mbaya. Lakini siku chache kabla, mfanyabiashara jirani alikuwa amepigwa vibaya na askari kwa sababu walikuta kwake mtu asiyejulikana. "Nikikubali huyu, kesho banasema ninaficha batu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Chagua, mama. Ao yeye abaki nyumba, ao mubaki nyumba bote bawili."

Yaya hakungoja kesho. Alimfunga mama yake kikwembe mabegani, akamshika mkono. Bibi alipopita mbele yetu akatuaga, bado anasema wasingya.

Niliwafuata mpaka barabarani. "Yaya, sikujua. Nakuapia, sikujua."

"Najua hukujua," akasema. Alinipangusa vumbi begani, kama alivyozoea. "Lakini nilikuangalia."

Wakapanda lori la samaki lililotoka Kyavinyonge, mojawapo ya machache yaliyothubutu kupita, wakarudi upande wa Beni walikotoroka. Baadaye, barabara ilipotulia, nilikwenda Beni mara mbili. Nilizunguka masoko ya Beu, mtaa wa huko, nikiuliza wauza chagua kama wanamjua mama mmoja anayejua shati kwa kugusa kola. Mmoja akanijibu, "Dada, hapa bote tunajua." Akacheka, nami nikacheka naye, nikarudi.

Patron hakuniambia neno baya. Mwaka uliofuata aliniomba nipange mchezo mwingine. Nilimwambia kichwa kinaniuma, na kweli kilikuwa kinaniuma.

Kesho yake baada ya ile siku, saa sita, wenzangu walipotoka kwenda kula maharagwe, nilipanda ngazi peke yangu. Nyuma ya balo nilikuta kartoni imelazwa chini, imeingia ndani kidogo katikati, pale bibi alipokuwa anakaa. Nikaikalia. Nilivuta magoti, nikaweka mikono juu yake, nikajaribu kutojongea. Mguu ulianza kufa ganzi upesi. Waliporudi wakaanza kuniita huko chini, "Sekretere! Sekretere, uko wapi?" Nikabana pumzi, sikuitika.