Fundi wa Maneno ya Herufi Tano

Fundi cherehani huyu hakuweza kuomba hata maji kwa Kiingereza, lakini maneno ya Kiingereza ya herufi tano yenye Q na U zikifuatana aliyajua yote, na angekutajia huku anakupima kiuno. TUQUE, PIQUE, QUOIN, QUERN. Ukimuuliza maana, alikutazama kana kwamba umemuuliza jina la kondoo aliyetoa sufu ya suti yako.

Chumba chake kilikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia na ukuta uliojaa karatasi za paterni. Upande mmoja wa karatasi palichorwa kola na mikono ya shati. Upande wa pili, uliotazama chumbani, aliandika maneno kwa kalamu ya wino mzito, ameyapanga kwa urefu na kwa herufi mbilimbili: haya ya herufi nne yenye Z mbili, yale ya herufi tano yenye Q na U. Mguu kwenye pedali, macho ukutani. Wateja walimbatiza jina la Kyuu, naye aliitika bila kinyongo.

Mambo yalianza siku alipopeleka mapazia maktaba. Kila Jumamosi mchana mkutubi wa pale aliwakusanya watu wakacheza mchezo wa kupanga vigae vya herufi ubaoni, vitoe maneno ya Kiingereza. Fundi alisimama na mapazia begani, akatazama raundi mbili nzima, akaona kitu kimoja cha maana sana: hakuna aliyeulizwa maana. Neno likiwamo kwenye kamusi ni halali, basi. Hata lisipokuwamo, linahesabiwa vilevile kama mpinzani amenyamaza. Na mpinzani akipinga neno la kweli, anapoteza zamu. Kazi hii naiweza, aliwaza, akatundika mapazia na kuomba orodha ya maneno.

Aliyekwazika ni kaka yake. Kaka alifundisha Kiingereza miaka thelathini, sasa amestaafu, na pale maktaba ndiye aliyekuwa akitamba. Walipokuwa wadogo mama yao aliugua, ikabidi mtoto mmoja aache shule amuuguze. Akaacha wa kike, ndiye fundi wetu, darasa la tano. Fundi hakumlaumu mtu kwa hilo. Mama alikuwa wa wote. Kilichomchoma ni kwamba kaka, tangu alipopata cheti chake, hakuacha kumsahihisha mbele za watu, harusini, msibani, hata mbele ya wateja.

"Mdogo wangu, kukariri si kujua," alimwambia Jumamosi ya kwanza. "Huu ni ukasuku."

"Basi jihadhari na kasuku, kaka."

Siku hiyo fundi aliweka TUQUE. Kaka akapinga huku anacheka. Mkutubi akafungua kamusi: limo. Jumamosi ya pili fundi akaweka QUOIN, kaka akapinga, limo. Ya tatu ikawa QUERN, na safari hii watu walianza kucheka kabla hata kamusi haijafunguliwa. Mwalimu mzima alitokwa na kijasho.

Kisha ikaja barua: maktaba zote zingeshindana, kila moja impeleke mchezaji mmoja. Wakachujana wiki nne, wakabaki wawili, kaka na dada. Fundi alikitaka kile kiti cha kuiwakilisha maktaba, tena alikitaka kwa udi na uvumba. Ila zaidi ya kiti alitaka kitu ambacho mkutubi hakuwa na uwezo wa kumpa: kaka yake akiri, walau mara moja, kwamba naye anajua.

Siku ya fainali kaka alicheza vizuri, tusimnyime haki yake. Vigae vya akiba vilipokwisha alikuwa mbele kwa pointi arobaini. Fundi alibaki na vigae vinne: Q, E, N na D. Ubaoni palikuwa na U moja imekaa wazi, karibu na kile kisanduku chekundu kinachozidisha neno mara tatu. Akafumba macho, akaupitia ukuta wake karatasi kwa karatasi. Ya herufi nne yenye Q, hakuna. Ya herufi tano, hakuna. Akaupitia tena, kwa sababu fundi hupima mara mbili. Hakuna.

Akafumbua macho akaweka QUEND.

Pointi arobaini na tano, na vigae vyake vimekwisha. Akipingwa, anaviondoa na mchezo umekwenda.

Kaka alilitazama neno. Akamtazama dada. Sasa, dada huyu ni mtu ambaye kwa miaka ishirini na tisa amewaambia wateja, "Njoo kesho, imebaki vifungo tu," na kitambaa hakijaguswa na mkasi. Uso wake ulikuwa mkavu, umetulia. Hata alipiga miayo kidogo.

"Unapinga, mwalimu?" aliuliza mkutubi.

Kaka alilisoma neno tena, herufi kwa herufi. Akatikisa kichwa.

"Sipingi."

Watu walipiga makofi, mkutubi akaandika jina la fundi kwenye fomu. Kaka hakuinuka. Aliivuta kamusi, akafungua, akapitisha kidole ukurasa mzima, akarudi juu akaanza upya.

"Hili neno halimo," alisema.

"Halimo."

"Ulijua?"

"Kaka, yaliyomo nayajua yote. Nitakosaje kulijua lisilokuwamo?"

Kaka alitaka kukasirika, ikaonekana. Akashindwa, akaishia kucheka peke yake, kicheko cha mtu aliyekamatwa.

"Mbona hukupinga sasa?" aliuliza fundi, na hapo sauti yake haikuwa na mzaha tena.

Kaka alikusanya vigae kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko wake wa kitambaa.

"Nilijua silijui," alisema. "Nikaona, kama wewe umeliweka, basi lipo. Nikaona mjuzi ni wewe."

Fundi hakutegemea neno lile lingekuja siku ileile, tena bila kusukumwa. Akavuta kiti chake karibu na cha kaka.

"Sema tena," alimwambia. "Mkutubi hakusikia."